Papa anaingia mu retrete (anastaafu), franga itakuya mara moja tu: mukristo anajitayarisha namna gani?

Binti_Katuba (Lubumbashi)

Bwana asifiwe ba yaya, ba papa na ba mama. Minaandika hapa juu najua humu muko batu wenye walishapita mu mambo ya namna hii na tena ni batu ba sala. Papa yetu anatimiza miaka 60 mwaka huu, na ku kazi (sosiete moja ya huku Lubumbashi, jina sitaitaja) walishamuambia kama wanatayarisha dekonte finali yake (franga yote ya mwisho ya kazi, yenye wanalipaka mara moja), kiisha anaingia mu retrete. Ule mushahara njo ulitulisha na kutusomesha shiye wote, mudogo wetu wa mwisho eko bado UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi). Mama anauzishaka unga na makala pa mulango. Parsele (kiwanja na nyumba) ni yetu, iko Katuba, si nyumba ya kampani, kwa ile tunamushukuru Mungu sana.

Sasa tangu habari ya dekonte itoke kila mutu eko na mupango yake. Kaka mukubwa anataka papa anunue taksi-bisi ya kutembea Katuba na mujini, anasema italeta franga kila siku. Tonton moja wa Likasi alishakuya kuomba mukopo ya kucuruza bintu vya Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Na pasta wetu, mwenye minamuheshimu kabisa juu njo alifungisha ndoa ya yaya yangu na njo alizika nkambo yetu, alimuambia papa kama ile ni mavuno ya miaka yote ya kazi na mavuno inaanzaka ku mazabahu. Papa alishakubali mu roho yake: fungu la kumi ya yote, na juu yake tena anunue bati ya kanisa muzima.

Mama halale tena vizuri. Na hawezi kusema kitu, anaogopa ataonekana mwanamuke mwenye hana imani. Siku moja nilimuambia papa "papa, tukae chini tuhesabu kwanza", akanijibu na Mathayo 6, musisumbukie ya kesho, na akaamuka akatoka.

Njo minauliza: kujitayarisha na franga mbele ya retrete ni kukosa imani? Na kama si zambi, tuanzie wapi? Na ingine yenye inanisumbua zaidi: mutoto anasemaka namna gani na muzazi juu ya franga ya muzazi bila kumukosea heshima?

Yaya_wa_Ruashi

Mudogo wangu pole, na asante kuuliza mbele franga haiyafika, juu wengi wanauliza kiisha imeshakwisha.

Mi nilikuwa kijana mu 2003 na 2004, ile wakati Gécamines (kampani ya serikali ya kuchimba shaba) kwa franga ya Benki ya Dunia iliachisha batu zaidi ya 10,000 mu ile tuliita depa volonteri (kuacha kazi kwa mapenzi na kulipwa). Wengi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mushahara, kiisha siku moja mutu anapewa maelfu ya dola mu mukono. Mu avenue yetu nilijionea na macho yangu. Mwanzo ilikuwa sikukuu, televizyo mupya, madeni ya matanga yakalipwa, ndugu wakatokea ata kule Kamina wenye hakuna mutu alikuwa anawajua, motoka za okazyo zikaingia mu baparsele. Mwaka haukumaliza, franga ikakwisha. Na ile batu hawakuwa wajinga, hapana, usikubali mutu akuambie vile, walikuwa mafundi wa kweli, wenye walitumikisha mashini kubwa za kuyeyusha shaba. Shida ilikuwa hakuna mutu aliwafundisha kupokea kwa siku moja kile walizoea kupokea kidogo kidogo. Mushahara ukiisha unangoya mwisho wa mwezi, dekonte ikiisha hakuna tena mwezi ya kungoya.

Wenye walisimama mi nawakumbuka. Muzee moja alijenga vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, bila rangi, bila dari, ile lwaye (kodi ya nyumba) njo ilimulisha mpaka Mungu akamuita, na mujane wake mpaka leo analipisha balokatere (wapangaji). Mwengine alinunua shamba njia ya Kasenga, lakini bibi yake alikuwa anajua kulima tangu zamani, ile si kitu ya kusahau. Wale hawakuanza kitu yenye hawajui. Walichukua franga ya mara moja wakaigeuza ikuwe ya kila mwezi, basi, njo siri yote.

Kwa ile taksi-bisi mi sikubali, na nasema wazi. Motoka inakula kila siku, mafuta, pine, vipande, polisi wa barabara, shofere mwenye analeta versema (franga ya kila siku ya mwenye motoka) nusu. Papa wa miaka 60 asianze kujifunza ile mambo na franga ya uzee wake. Kaka akiwa kweli anaipenda ile kazi, aendeshe kwanza motoka ya mutu mwengine, alete versema bila kukosa miezi kazaa, papa aone. Na tonton wa Likasi, papa amupe kitu kidogo kwa mukono moja kama zawadi, yenye ata isiporudi hakuna kilio. Mukopo kwa ndugu inauaka undugu.

Shemasi_Mzee

Binti yangu, amani ya Kristo iwe nawe. Mimi ni shemasi, nami nimeshastaafu, kwa hiyo ninasema kama mtu wa rika la baba yako.

Mathayo 6 musiikate katikati. Yesu anasema musisumbuke, hakusema musihesabu. Ni Yesu huyo huyo katika Luka 14 anauliza nani kati yenu akitaka kujenga mnara hataketi kwanza chini ahesabu gharama, aone kama ana vya kumalizia. Ona neno lile, kuketi chini. Ndilo ulimuomba baba yako. Yusufu naye kule Misri alikuwa mtu mwenye Roho wa Mungu, Farao mwenyewe alishuhudia, na kazi ambayo Roho yule alimpa ilikuwa kukusanya sehemu ya tano ya mavuno miaka saba ya shibe, kwa sababu ya miaka saba ya njaa. Hakuna mtu Biblia inamuita mwenye imani haba kwa sababu aliweka akiba. Yule tajiri wa Luka 12 alilaumiwa kwa sababu alijiwekea nafsi yake tu na kwa Mungu hakuwa na kitu, ghala si ndiyo iliyokuwa dhambi.

Na hata kustaafu kumo ndani ya Biblia, wengi hawajui. Hesabu sura ya 8: Walawi waliingia kazini wakiwa na miaka 25 na walipofika 50 waliacha kazi nzito, wakabaki kuwasaidia ndugu zao kulinda. Mungu mwenyewe aliwaweka muda wa kupumzika mwili. Basi baba yako asione haya, wala asifikiri kwamba anapotoka kazini anatoka pia kwenye utumishi.

Sasa kuhusu bati. Ninasema kwa hofu ya Mungu kwa sababu nimekaa karibu na hazina ya kanisa kwa muda mrefu. Soma Marko 7 mstari wa 9 mpaka wa 13. Kulikuwa na watu walisema mali hii ni korbani, ni ya Mungu, halafu baba na mama zao wakakosa msaada, na Yesu aliwakemea kwamba wanatangua neno la Mungu. Simfananishi pasta wenu na watu wale, pengine hajui hesabu za nyumba yenu, hakuna aliyemuonyesha. Lakini Paulo anaandika kwa Timotheo, 1 Timotheo 5 mstari wa 8, kwamba asiyewatunza wa kwake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Mke wa miaka yote ile ndiye wa nyumbani. Fungu la kumi baba yako alitoe, ni dhamiri yake na ni furaha yake, tusimuzuie. Bati atoe kidogo kidogo, hata Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Sadaka ya kidogo kidogo ni sadaka kamili.

Namna ya kusema naye: usiende peke yako, na usiende na kaka anayetaka motoka. Anza na mama, umuulize ni nini kinamnyima usingizi, umusikilize mpaka amalize. Kisha mutafute mzee mmoja ambaye baba anamuheshimu, aliyestaafu mbele yake na ambaye nyumba yake bado inasimama. Huyo ndiye aseme. Wewe beba daftari tu, uandike kila kitu ambacho nyumba inakula mwezi mmoja, unga, makala, umeme, masomo ya mdogo wako, dawa, michango ya matanga pia maana hiyo haikosi, umpe baba asome mwenyewe. Mzazi kuambiwa na mtoto ni kazi nzito, lakini mzazi kusoma hesabu ya nyumba yake mwenyewe ni jambo analoliweza.

Imani_Kampemba

Ba ndugu, mi naheshimu wote lakini kuna kitu hainipatanishi. Tunafanya sawa Mungu hayuko. Mujane wa Sarepta alikuwa na unga ya mukono moja na mafuta kidogo tu, Eliya akamuambia anifanyie mimi kwanza, akafanya, na unga haikuisha. Kama angekaa na daftari angekufa na mutoto wake. Mi binafsi nilishatoa mbele ya Mungu wakati sikuwa na kitu na sikuachwa. Papa huyu ametoa nadhiri mu roho yake, batoto wasimukatishe tamaa.

Shemasi_Mzee

Ndugu, ushuhuda wako ninaupokea kwa mikono miwili, na ni kweli Mungu hakukuacha. Lakini tuitazame ile habari mpaka mwisho. Eliya aliomba mkate mdogo, na unga ule haukuisha, ulilisha nyumba ya mjane, yeye na jamaa yake siku nyingi. Nabii hakuondoka na pipa la unga. Na kuna mjane mwingine, 2 Wafalme 4, yule ambaye mume wake, mwana wa manabii, alikufa na deni, na mdai akaja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Mtumishi wa Mungu alikufa bila kupanga nyumba yake, Biblia haifichi hiyo. Elisha alimwambia nini baada ya muujiza wa mafuta? Enda ukauze mafuta, ulipe deni, na kilichobaki muishi nacho wewe na wanao. Muujiza ulitoka kwa Mungu, na matumizi yake yakapangwa: soko, deni, chakula. Ninamuombea baba huyu imani ya Sarepta na hekima ya Elisha pamoja.

Imani_Kampemba

Ile ya deni ya mwana wa manabii sikuwa nimeiangalia vile. Nitaisoma tena. Mungu awabariki.

Kaka_Personeli

Mi natumika mu ofisi ya personeli (ya mambo ya watumishi), kwa hiyo niongeze mambo ya chini chini yenye batu wanasahauka mu maombi.

Siku mutu anatoka kazi hapotezi mushahara peke. Sheria ya kazi huku kwetu inamuambia patro (mwenye kazi) alipe lopitali ya mutumishi, bibi na batoto, kwa hiyo jamaa ingine imekaa miaka makumi bila kulipa konsiltasyo ata moja na hawajui bei yake. Kiisha retrete inafika, na retrete njo saa mwili unaanza kuomba dawa, tansyo (damu kupanda), sukari, macho. Dekonte nyingi zinaishiaka pale lopitali, si mu pombe. Binti, mu ile daftari ya shemasi andika dawa kwa mustari yake peke, na mutoe sehemu ya dekonte mapema mbele ya kila mupango ingine, isiguswe na mutu, ata na kaka, ata na kanisa, ni ya lopitali ya papa na mama.

Pili CNSS, ile kese ya serikali yenye inalipaka pansyoni ya wenye walistaafu. Ku bileti ya mushahara papa anakatiwaka 5% ya pansyoni na patro anaweka 5% ingine juu yake. Sasa kukatiwa ni kitu ingine na kufika ku CNSS ni kitu ingine. Aende yeye mwenyewe pale biro yao akiwa bado mu kazi, akiwa bado na nguvu ya kupanda ngazi na kungoya, aulize miezi gani imeandikwa ku jina yake. Kama kuna miaka inakosekana, batafute mabileti ya zamani. Ile pansyoni si mingi lakini inakuya, na akitangulia yeye, mujane anaweza kuomba pansyoni ya wenye kubakia, kwa hiyo ni mambo ya mama pia.

Tatu majina. Hii inakwamisha ba papa wengi wa rika yake. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo, mutoto aliitwa Joseph akabakia na jina ya nkambo tu, kiisha wakati zilirudishwa kila mutu akaandika namna anataka. Leo unakuta ku kadi ya kazi eko na jina moja, ku akti ya ndoa ingine, ku CNSS herufi moja imegeuka. Herufi moja ile inaweza kulalisha dosye miezi. Mulinganishe majina ku dokima zote sasa, na kama hayafanani aende ku komini (ofisi ya serikali ya mutaa) mbele ya retrete.

Na siku ya dekonte asisaini kwa kukimbia. Asome, aulize konji (likizo) zenye hakuchukua ziko wapi, delege wa sinidika (mujumbe wa chama cha watumishi) akuwe pembeni, na kopi arudie nayo ku nyumba.

Mama_Mujane_Kenya

Mwanangu, mi ni wa Kenya, ile komini ya huku Lubumbashi, si inchi. Wote wamekuandikia juu ya papa, mi nakuandikia juu ya mama yako mwenye halale.

Bwana yangu alikuwa mukristo wa kweli, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mutu wa kutoa. Alikufa bila kuacha karatasi ata moja yenye kusimama. Tulikuwa na ndoa ya kanisa, sherehe kubwa, koro iliimba, lakini ku komini hatukuandikisha, na mbele ya sheria yetu ndoa ya kanisa peke haitoshi. Parsele ilikuwa na fishi (karatasi ndogo ya parsele) ya zamani tu, tena ku jina ya mutu mwenye alituuzia. Matanga haikuwa imemaliza, ndugu zake wakaanza kuhesabu viti na frigo. Nililala inje ya chumba yangu mwenyewe. Watu wa kanisa walinisimamia, Mungu awakumbuke, lakini mapambano ile ilikula miaka na franga yenye ingesomesha batoto.

Njo nikajifunza sheria wakati nilikuwa nalia. Kode ya familia ni ya 1987 na waliitengeneza tena mu 2016. Inasema batoto wote ba marehemu, ata wa inje kama alimutambua, njo ba kwanza mu urithi na wanachukua robo tatu ya mali. Robo yenye inabakia ni ya mujane, wazazi na ndugu za marehemu wagawane. Na mujane eko na haki ya kubakia mu nyumba yenye waliishi pamoja na kutumia bintu vya ndani. Tena kama ku komini hamukuchagua kitu ingine, bintu mulipata wawili mu ndoa ni vya wawili, nusu yake ni ya mama tangu mbele hakuna mutu anakufa. Ile yote inasimama kama kuna akti (cheti) ya ndoa. Bila akti, unaanza kuomba, na mwenye kuomba anapewa kile wanataka.

Kwa hiyo mwulize papa kwa upole hivi: papa, akti ya ndoa yenu iko wapi? Parsele iko na sertifika ya konservatere wa titre imobiliere (hati ya umiliki toka ofisi ya ardhi) ama ni fishi tu? Ile sertifika ikishamaliza miaka miwili ni ngumu sana mutu aipinge, lakini fishi mutu yeyote anatoka na yake. Mi naona franga ya kwanza ya dekonte, kiisha fungu la kumi yake, iende pale, mbele ya vyumba vya kupangisha, maana kujenga vyumba mu parsele yenye haina sertifika ni kujengea ugomvi. Na papa aandike testama (wosia). Batu wanaogopa, wanasema ni kuita kifo. Isaya 38, Mungu mwenyewe alimutuma nabii kwa mufalme Hezekia amuambie utengeneze mambo ya nyumba yako, na Hezekia aliishi tena miaka 15 kiisha pale. Ibrahimu naye aligawia batoto wengine zawadi akiwa muzima akawatuma mbali na Isaka, ili wasigombane juu ya kaburi yake. Testama anaweza kuandika na mukono yake mwenyewe, yote, anaweka tarehe na sinyatire, inatosha mbele ya sheria, lakini kama iko na nguvu ya notere (mwenye kuhakikisha karatasi kwa sheria) ni vizuri zaidi.

Muangalie Bwana wetu pale musalabani. Wanagawana nguo zake, damu inatoka, na anamuangalia mama yake na anamuambia Yohana, huyu ni mama yako. Ku ile saa. Mwanaume mwenye anapanga mama ataishi wapi eko anafuata Yesu, mutu asimuambie ni kukosa imani.

Mwana_Bukavu

Jambo kwenu ba ndugu ba Lubumbashi, tunawasalimia toka huku Kivu, mutuombee.

Nasema kidogo tu juu ya kuweka franga. Musiweke fasi moja. Huku Bukavu mwezi wa pili 2025 banki zilifunga, Goma nayo zilitangulia mwezi wa kwanza, na watu wenye walikuwa na ekonomi yao yote mule ndani walibakia na nimero ya konti mu mukono, wakati ya kuhamisha batoto njo hiyo. Kutosha (kutoa) franga ku telefone ilikuwa na komisyo ya kuumiza. Mwenye alikuwa na kidogo banki, kidogo ku nyumba, kidogo ku mbuzi kwa ndugu wa kijiji, kidogo mu kikundi, yule alipumua. Muhubiri 11 mustari wa 2 inasema ugawe kwa saba, ata kwa nane, juu haujue mabaya gani itakuwa ku dunia. Zamani nilikuwa nasikia ni ya sadaka tu, sasa nimeisikia mu tumbo.

Kikundi chetu ku kanisa ni MUSO, kikundi cha kuweka franga na kusaidiana. Tuko na kese ya kijani yenye kila mutu anaweka na tunakopeshana na riba kidogo, na kese nyekundu ya musaada, ile haikopeshwi, ni ya ugonjwa na matanga tu, unapewa na haurudishe. Kuko wengine wanafanya AVEC (kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa), wanauza ba parti (hisa) kila juma, kasha iko na kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mwisho wa mwaka wanagawana. Naona papa na mama waingie mu kitu ya namna hiyo mbele retrete haiyafika, si kiisha, juu kikundi kinakupokea vizuri ukiwa unaweka, si ukiwa unakuya kuomba. Na likelemba (muchango wa kupokezana kwa zamu) ni nzuri ya kununua bati ama sukari ya sikukuu, lakini haina kese ya ugonjwa, msiichanganye.

Na tafazali, msikope lamberti (mukopo ya riba kubwa) mukingoya dekonte. Dekonte inachelewa, lamberti haichelewi.

Binti_Katuba

Ba yaya, ba papa, mama yangu wa Kenya, sijui niseme nini, Mungu awalipe. Nilisoma yote kwa mama, ile ya musalaba nilirudilia mara nyingi juu aliniomba.

Tulifanya sawa shemasi alisema. Tulipata muzee moja mwenye alikuwa shefu wa papa zamani, alistaafu, eko na vyumba vya kupangisha Kamalondo. Alikuya jioni, alikula bukari na shiye, kiisha akasema na papa wawili tu mu salo. Sisikii yote walisema. Asubui papa aliniita, aliniomba daftari. Alikaa nayo muda murefu, alishangaa juu ya dawa na juu ya michango ya matanga. Akaniuliza kama mama anajua hizi hesabu, nikamuambia papa, mama njo aliniandikisha.

Kiisha alienda yeye mwenyewe kwa pasta na daftari mu mukono. Pasta, ninamushukuru Mungu kwa ajili yake, alimuambia hakujua mama anategemea ile peke, na walikubaliana fungu la kumi itoke, na bati papa atakuwa anatoa kila mwezi kwa lwaye ya vyumba wakati vitasimama. Wakaomba pamoja.

Akti ya ndoa iko, ya komini, Mungu asifiwe. Parsele ni fishi tu. Na ku CNSS jina yake ya mwisho imeandikwa na "u" mahali pa "o", sawa Kaka_Personeli alisema. Kaka mukubwa ana hasira kidogo ya motoka. Swali moja imebakia: sertifika ya parsele iandikwe ku jina ya papa peke, ama wote wawili?

Mama_Mujane_Kenya

Wote wawili, mwanangu. Na mama aende pale biro siku ile, asibakie ku nyumba kupika, wamuone, ajue mulango na ajue dosye yake iko na nimero gani. Mukipata sertifika mufanye kopi tatu, moja ibakie kwa shemasi ama kwa ule muzee wa Kamalondo. Kwa ile "u" na "o" muanze juma hii, musingoye dekonte.

Kaka_Personeli

Naunga mukono. Kwa jina, komini itaomba akti ya kuzaliwa ama jijema ya tribinali (hukumu ya korti) yenye inaisimamia, kwa hiyo papa atafute kwanza karatasi yake ya ubatizo ama ya shule ya zamani, yenye jina imeandikwa mbele ya 1972 kama iko, inasaidiaka kuonyesha ni mutu moja. Na mumupeleke kaka mukubwa pamoja ku CNSS, akuwe njo anabeba dosye, anapanga musitari, atajua kazi iko wapi na hasira itapunguka yenyewe.